Mwenye Ng'ombe Hajaambiwa

Hapa kwenye nyumba za walimu wananiita mwanamke asiye na huruma. Najua. Jirani yangu Generoza, mke wa mwalimu wa hesabu, aliniambia machoni kabisa: "Auleria, mumeo utamuua wewe. Mtu amerudi amechoka namna hii, hata viatu hajavua, nawe unamwamsha?" Nikamjibu ndiyo, namwamsha, na akikataa kuamka namwagia maji. Akacheka, alidhani natania.

Mume wangu ni Novatus, mwalimu wa mifugo katika shule ya serikali hapa Biharamulo. Walimu wengine kengele ya saa nane ikilia wamemaliza, wanakaa barazani kuchokoa meno. Yeye hana kengele ya mwisho. Asubuhi anafundisha sayansi, mchana darasa la mifugo. Wanafunzi wake ni vijana wakubwa, wengine wana ndevu, wamechaguliwa kutoka Ngara na Rulenge na huku kwetu, na baada ya miaka miwili serikali inawatawanya wilayani kwenda kutibu ng'ombe. Wana ng'ombe wanne wa shule, sanduku la vipande vya vioo, chupa ya dawa ya rangi ya buluu, na darubini moja ya kutazamia vidudu vya damu. Darubini hiyo, jamani! Blanketi la mtoto wangu wa pili limekwenda kulala nayo. Nililalamika, nikaambiwa mtoto ana mama wa kumkumbatia, darubini haina.

Masomo yakiisha, wanakuja watu wa vijijini. Ng'ombe wangu haamki. Ng'ombe wangu anatokwa machozi. Ng'ombe wangu kaumwa na mbung'o. Novatus anachukua wanafunzi wawili, anabeba mkoba, anakwenda kwa miguu, leo kaskazini kesho kusini. Nimemwona akisinzia huku anatafuna. Nimemwona akisimama mlangoni kwake mwenyewe na kupiga hodi, amesahau kuwa ni nyumba yake.

Sasa nieleze kwa nini namwamsha.

Mwaka wa 1935 baba yangu, mzee Emilian, alikuwa anaishi Nyantakara na alikuwa na ng'ombe sita zizini. Walio wake mwenyewe walikuwa wawili tu. Waliobaki walikuwa wa watu. Huku kwetu ndivyo tunavyoishi: mwenye ng'ombe hawaweki wote pamoja, anampa rafiki mmoja, anampa na mwingine. Anayetunza anakunywa maziwa na kupata samadi, ndama ni wa mwenyewe. Na ng'ombe akifa mikononi mwako, unampelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo shahidi. Usipopeleka ngozi, umemuuza au umemla, na neno hilo litakufuata mpaka kwa wajukuu. Baba yangu alitunza ng'ombe wa watu miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumuuliza mara mbili.

Mmoja wa ng'ombe wale, jike jekundu aliyeitwa Bihogo, alikuwa wa Sabiti. Sabiti ni Mwislamu mwenye duka karibu na soko hapa mjini, babu yake alitoka pwani. Yeye na baba walikuwa watani wakubwa. Wakikutana ni matusi matupu na vicheko.

Alhamisi moja asubuhi Bihogo alianguka akafa, jana yake alikuwa amekamuliwa vizuri. Tumbo lilijaa, damu nyeusi ikamtoka puani, haigandi. Baba akatuma mtu kwa mkwewe. Novatus alipokea habari shuleni, akaenda usiku huo huo, Ijumaa alfajiri akawa Nyantakara na wanafunzi wake wawili.

Hata mimi ninayeosha vyombo nyuma ya darasa nalijua somo lile kwa moyo. Novatus anauliza: "Amekufa ghafla, damu haigandi. Tufanyeje?" Darasa zima linajibu kwa kelele: "Hakuna kisu!" Ni kimeta hicho. Ukimpasua au kumchuna, ugonjwa unatoka kwenye damu, unaingia kwenye udongo, unaingia kwako. Unachukua tone moja la damu ya sikio unaliweka kwenye kioo, basi. Ng'ombe anazikwa vile vile alivyo, na ngozi yake, shimo lenye kina cha mtu mzima aliyenyoosha mkono juu, majivu, udongo, halafu miiba.

Walipokwisha kuchimba, baba akauliza, "Na ngozi?"

Hapo muelewe jambo moja. Novatus ni mkali kazini. Nimesikia akimfokea mzee wa watu aliyetaka kukata paja la ng'ombe wa kimeta. Lakini mbele ya baba mkwe hakuwa na mdomo. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, wala hajibizwi. Novatus aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Baba, ngozi nayo inazikwa."

"Sabiti nitampelekea nini?"

"Nitamwandikia cheti, baba. Na Jumamosi nitakwenda mwenyewe kumweleza kwa mdomo."

Akaandika cheti, akampa. Baba hakujua kusoma. Alikikunja, akakitia kwenye kikombe cha bati juu ya rafu. Mama yangu, Marsiana, aliniambia baadaye kwamba siku ile alikuwa anakishusha na kukitazama, anakirudisha. Alisema, "Karatasi hii haina hata unyoya mmoja wa Bihogo."

Novatus alirudi Jumamosi saa saba mchana. Siku mbili alikuwa hajalala. Alipovua viatu, soksi zilitoka na ngozi ya miguu yake mwenyewe. Wiki ile mkaguzi wa elimu alikuwa anatarajiwa, vioo vilikuwa havijapangwa. Alikula vijiko vitatu vya maharage, akajilaza mkekani, akasema, "Auleria, niamshe saa kumi. Niende kwa Sabiti."

Nikaitikia.

Saa kumi nikaenda. Alikuwa amelala mdomo wazi, nzi anamtembea kwenye kidole cha mguu kilichochunika. Nilimhurumia. Mungu anajua nilimhurumia mume wangu. Nikamfunika kanga, nikafunga dirisha jua lisimpige. Nikajiambia, dukani kwa Sabiti ni hatua chache, viazi haviivi kabla hujarudi, kesho baada ya misa atakwenda. Ningeweza kwenda mimi. Miguu ninayo! Lakini habari ya kifo cha ng'ombe mwanamume humpelekea mwanamume, nikaona haya. Akalala mpaka Jumapili asubuhi.

Na Jumamosi, mnajua, ni siku ya soko. Watu wa Nyantakara walikuja, na soko likikaribia kufungwa wakamwambia Sabiti kwamba ng'ombe wake amekufa. Sabiti akauliza, ngozi iko wapi? Wakasema hawajui. Naye, kwa utani wake ule ule, akapaza sauti soko zima: "Lo! Emilian kamla Bihogo wangu, na ngozi kaifanya mboga!" Watu wakacheka sana. Usiku walipofika Nyantakara walimfikishia baba maneno yale bila kile kicheko.

Jumapili kulipopambazuka, mama anatoka kwenda kisimani, akamwona baba ameondoa miiba na anachimba. Akamwita, "Mume wangu, unafanya nini? Mwalimu alikataza!" Baba akamwambia, "Mwalimu alisema atakwenda Jumamosi. Jumamosi imepita." Akaingia shimoni na kisu. Alimchuna Bihogo pale pale chini, siku mbili amezikwa, harufu unaijua ilivyokuwa.

Siku hiyo hiyo, baada ya misa, Novatus aliamka na aibu yake akaenda kwa Sabiti. Sabiti alimpokea vizuri, akamwandalia chai. Akasema, "Mwalimu, hata cheti sikihitaji. Emilian huyu? Ningemwachia ng'ombe mia nikalala. Nilitania tu." Novatus alirudi uso umemkunjuka, akaniambia yamekwisha. Nikafurahi. Nikaona kumbe usingizi ule haukudhuru kitu.

Jumatano, saa nne, baba alitokea mjini. Ngozi alikuwa ameikausha siku mbili, ameikunja, ameibeba begani. Hakupita kwangu kwanza. Alikwenda moja kwa moja dukani, watu wamejaa mbele ya duka, akaikunjua ngozi yote chini, akasema, "Sabiti, huyu hapa Bihogo wako. Mimi sikumla."

Kisha akaja kwangu. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akaitika "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. Akaomba maji. Miaka mingi sikuwa nimemwona amekaa kwa raha namna ile. Alinihadithia yote, shimo, kisu, ngozi, na mimi nikawa namimina maji nje ya kikombe, naye hakuona.

Novatus alipotoka darasani alimkuta barazani. Akapiga magoti kumwamkia, macho yasipite mabegani kama desturi. Ndipo akaona shingo, pale ngozi mbichi ilipomgusa Jumapili alipoibeba kutoka shimoni. Kulikuwa na kipele, katikati cheusi, pembeni pamevimba.

"Baba, hicho kinakuuma?"

"Hata kidogo. Kinawasha tu."

Novatus akakaa chini sakafuni, pu! Akainua kichwa akamtazama baba mkwe wake usoni. Ilikuwa mara ya kwanza, na baba akashtuka kuliko alivyoshtushwa na jambo lolote. Akaniuliza, "Auleria, mumeo ana nini?"

Tulimpeleka hospitali jioni ile. Walimtibu kwa walichokuwa nacho, na hakikuwa kikubwa. Shingo ilivimba ikafika kifuani. Siku ya sita alifariki. Sabiti alishinda pale nje ya hospitali siku zote sita, akirudia, "Nilitania tu, wallahi nilitania," mpaka nikamwambia anyamaze, nilikuwa sina nguvu ya kumsamehe yeye wakati mwenyewe sijajisamehe. Ngozi Novatus aliichukua mikono ameivika magunia, akaichoma moto, na kile kipande cha ardhi mbele ya duka nacho akakimwagia dawa.

Tangu siku ile, somo la kimeta shuleni lina sehemu ambayo haikuwepo. Kabla ya shimo, kabla hata ya tone la damu ya sikio, mwanafunzi mmoja anatumwa kwa mwenye ng'ombe. Aje mwenyewe, na jirani yake, asimame ukingoni, amwone ng'ombe wake akifukiwa na ngozi yake. Asipoweza kuja, mwalimu anamfuata siku ile ile. Mkaguzi aliuliza somo hilo limetoka kitabu gani. Novatus alimwambia, "Halimo kitabuni, bwana." Mkaguzi akaandika kitu kwenye daftari lake, sijui alichoandika.

Novatus hajaniuliza hata siku moja kwa nini sikumwamsha. Miaka saba sasa. Angeniuliza ningelia nikapumzika. Haulizi. Akilala mchana ananiambia tu, "Niamshe," kama zamani, na anafumba macho mara moja, kama mtu asiye na shaka kwamba ataamshwa.

Leo ni Jumamosi. Amerudi kutoka Rulenge, amezika ng'ombe wawili, mwenye mmoja wao yuko msibani, huku upande wa pili wa mji wetu, hajapata habari. Alianguka mkekani na viatu vyake. Mvi zimemjaa, sijui zilianza lini. Nimemtazama sana. Nzi alikuwepo, nikamfukuza.

"Novatus, amka. Mwenye ng'ombe hajaambiwa."

Akakaa, macho bado yamefumba, mkono unatafuta mkoba. Generoza alikuwa mlangoni kwake anapepeta mchele, akanisonya. Mwache asonye. Nilimfunga mume wangu kamba za viatu, nikamtia kiazi mfukoni, nikamsukuma mgongoni kidogo ili aanze kwenda.

Kisha nikaingia ndani upesi na kufunga mlango, nisije nikamwita arudi alale.