Achia Chumvi Kwanza, Halafu Kimbia

Generose Ninahazwe alikuwa na sauti ya kwaya na hasira ya pilipili, na katika miaka ya vita vya pili ndiye aliyetunza mashine ya mzee Selemani pale Kalundu, bandari ya Uvira. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kijiji cha Katogota. Padri wa parokia ndiye aliyewasukuma wamtume Bujumbura kusomea informatiki, elimu ya kompyuta, naye akarudi Uvira na diploma yake akiitafutia kazi.

Kazi aliipata kwa Selemani, mfanyabiashara wa ukoo wa zamani wa ziwani, ambaye boti zake zilipeleka chumvi, unga na sementi mpaka mji wa Baraka. Kabla ya vita mzee huyu alikuwa amenunua ordinateri, kompyuta kubwa nyeusi, ya kimo cha friji, iliyokaa peke yake katika chumba chenye vantilateri ya kuipoza. Skrini zote za biro ya makarani na za depo ya mizigo zilitegemea huyo bwana mmoja mweusi.

Mashine ile ilikuwa na tabia ya kufunga. Mtu akifungua mstari wa chumvi, inaufungia wengine mpaka amalize, ili watu wawili wasitoe mifuko ileile. Tabia nzuri, ila ilileta ugomvi. Thaddée, karani wa boti, programu yake ilishika chumvi kwanza, kisha ikatafuta boti. Dalila, aliyeuza dirishani, yake ilishika boti kwanza, kisha ikatafuta chumvi. Wakigongana, skrini zote mbili ziliganda.

"Thaddée, achia chumvi yangu!" Dalila alipiga kelele toka dirishani.

"Minye siko na chumvi yako! Weye ndiye uko na boti yangu!"

Wote wawili walisema kweli. Ilikuwa kama wapishi wawili, mmoja kashika sufuria, mwingine kashika mwiko, kila mmoja anamwambia mwenzake: nipe chako kwanza. Generose alizisoma programu zile mstari kwa mstari, akazibadilisha zote zishike chumvi kwanza na boti baadaye. Atakayekuta chumvi imeshikwa, angoje mlangoni mikono mitupu. Ugomvi ukaisha, na kwa muda Generose alitembea Kalundu kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Halafu asubuhi moja risasi zikalia vilimani, juu ya mtaa wa Kimanga. Biro nzima ilikimbia. Generose alikimbilia parokia, viatu mkononi. Mchana, palipotulia, watu walirudi mmoja mmoja, wakipangusa vumbi na kuchekana namna walivyoruka ukuta. Thaddée tu hakurudi. Mchukuzi mmoja alikuwa amemwona akirukia mtumbwi wa wavuvi wa ndagala, nao ukapotea upande wa Burundi.

Dalila akaketi dirishani, akaita chumvi ya boti ya Baraka. Skrini ikaganda.

Generose akaingia chumba cha mashine, akatazama nani ameshika nini. Jibu lilikuwa fupi: Thaddée ameshika chumvi. Alikuwa amekimbia katikati ya kuandika, na mashine, yenye adabu kuliko watu, ilikuwa bado inamngoja.

Mzee Selemani alikuja mbio, kofia imemkaa upande. Nahodha wa boti alitaka kuondoka kabla askari hawajarudi kuiomba boti, na kuomba kwao kulijulikana. Lakini bila karatasi iliyotoka kwenye mashine, walinzi wa bandari hawakuruhusu boti kung'oa nanga.

"Zima yote!" alisema. "Zima, uwashe tena!"

"Hapana, patroni. Tukizima, kila kilichoandikwa nusu kitaharibika, na itachukua siku nzima kusimama tena. Nitaua kazi ya Thaddée tu."

Dalila akaruka. "Usiseme vile! Muntu hatujui iko wapi, na weye unataka kumuua?"

"Si yeye, dada. Ni kazi yake. Ndivyo tunavyosema shuleni."

"Shule yenu iko mubaya."

Generose alitaka kucheka, lakini mkono wake haukwenda kwenye vitufe vya klavie. Jina la Thaddée liliwaka pale kwenye skrini, na yeye ndiye angelifuta. Tena kulikuwa na swali la kweli: mifuko ile ilikuwa imeshapakiwa, au bado? Ikiwa imepakiwa, kufuta nusu ile ni kusema uongo kwamba bado iko depo. Basi akateremka gatini, akamkuta Kwizera, mkubwa wa wachukuzi, amejilaza juu ya kamba.

"Baba Kwizera, chumvi ya Thaddée iliingia botini?"

"Hata mufuko moja, mama. Risasi ililia tukiwa tunapiga soga. Iko yote depo."

Ikawa rahisi. Alirudi, akafanya ishara ya msalaba, Dalila akaifanya nyuma yake ingawa si dini yake, na Generose akabonyeza. Chumvi ikafunguka. Skrini ya dirishani ikaamka, karatasi ikatoka ikilia kama panya, wachukuzi wakapakia, na boti ya Baraka ikaondoka. Generose akaenda kukaa depo juu ya gunia, akalia kidogo, kisha akajikasirikia kwa kulia.

Siku zilizofuata alizigusa tena programu. Sasa mstari ulifungwa tu wakati wa kuthibitisha, si wakati mtu anafikiri. Na skrini ikikaa bila kuguswa kwa muda wa maji kuchemka, mashine ingetupa nusu iliyoandikwa na kuachia kila kitu. Juu ya hayo, aliwafundisha wote kifungo cha kutokea: "Achia chumvi kwanza, halafu kimbia!"

Selemani alikunja uso. "Unataka watu wangu wafe kwa sababu ya kifungo?"

"Hapana, patroni. Anayekumbuka abonyeze. Anayesahau, mashine itaachia yenyewe. Wote wakimbie."

Mzee akakubali, na risasi zilipolia tena ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni, hakubonyeza chochote.

Thaddée alirudi mvua zilipokwisha, amenenepa kwa wali wa binamu yake wa Bujumbura. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mashine.

"Nasikia uliniua."

"Nilikuua vizuri," alisema Generose. "Hukuumia?"

"Hata kidogo. Nilikuwa nakula."

Dalila alimpiga kwa kitenge, akamkumbatia, akampiga tena. Kisha Thaddée akaketi mahali pake, akagundua amesahau neno lake la siri, na Generose akampa jingine. Thaddée aliandika sementi ya boti mpaka jioni. Wanawake wawili wakaondoka pamoja kuelekea Kimanga, Dalila akiiga jinsi mzee Selemani alivyokimbia, na Generose ikabidi asimame njiani, akicheka mpaka mbavu zikamuuma.