Dakika Nne za Hinda

Kazi ya Hinda Wolbromski ilikuwa kukodoa macho, basi. Miaka kumi na mmoja alikaa kwenye kigoda ndani ya maabara ya uzazi pale Yerusalemu, akimwangalia fundi Larisa akikutanisha mbegu za mume na yai la mkewe, asije akachanganya visahani na kumpa mtu damu ya jirani. Marabi, wakuu wa dini ya Kiyahudi, walitaka jicho la mtu, si la kamera. Kila siku alitia saini: nimeona yote.

Asubuhi moja, baada ya wiki nzima ya kumuuguza mama yake, akapitiwa na usingizi.

"Nimelala?"

"Dakika nne tu, mama," Larisa akajibu. "Hujakosa kitu. Wewe tia saini."

Akatia. Mimi namlaumu, ila yeye alijilaumu kuliko mimi.

Mtoto wa visahani vya asubuhi ile akazaliwa kwa akina Brandler, mtaa uleule aliokaa Hinda. Wazazi nywele nyeusi tii, Anshel wao kichwa chekundu kama karoti. Majirani wakatania, "Huyu mmemwokota wapi?" Baba mtu akicheka mpaka machozi. Hinda alipomwona mtoto begani kwa baba yake, akaanza kupita njia za nyuma. Hata akimenya viazi, kichwa kile kilikuwa mbele yake.

Mwaka wa nne akashindwa kuvumilia. Akaenda kwa Rabi Glikstein, aliyemweka kazini, akamwaga yote.

"Majina kwenye visahani yalikuwa sawasawa?" Rabi akauliza.

"Sawasawa."

"Nani mwingine anajua kuwa unashuku?"

"Wewe tu, Rabi."

"Basi mtoto ni wa baba yake. Sheria haimnyang'anyi mtoto baba kwa usingizi wa mtu, wala kwa rangi ya nywele. Hakuna kupima damu. Na wewe usiseme, mpaka kaburini. Ile saini ya uongo ni dhambi yako, utaibeba mwenyewe."

Hinda akalia. Anshel alikuwa salama, na hilo ndilo alilokuja kulitafuta. Akatoa funguo za maabara, akaziweka mezani.

Rabi akamrudishia. "Kesho kazini."

"Rabi, naogopa kile kigoda. Nikikaa tu, namwona."

"Ndiyo maana nakurudisha. Nimpate wapi mwingine wa kuogopa hivyo?"

Kesho yake alirudi, akakaa, akakodoa macho. Na kweli hakusinzia tena, kazini wala nyumbani.