Mzao wa Kwanza wa Punje

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye josho la Isansa, sikusema neno hadi ng'ombe wote walipokwisha kuogeshwa. Nilikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba tu, mwenye haya, na Bwana Mifugo alidhani mimi ni bubu. Jioni nilijikaza nikamuuliza kwa nini hakukubali mtamba mmoja mdogo apandishwe, ingawa mwenye ng'ombe alimbembeleza sana.

"Kumbe unasema!" alicheka. Akanishikisha nyonga za yule mtamba, ile mifupa ya nyuma ambayo ndama hupita katikati yake. "Watu huuliza jike litazaa nini. Wewe uliza litazaaje."

Nilihamishiwa Msangano, kwa Bwana Mifugo mwingine, mkali, aliyenifundisha kuhasi na kuzalisha. Mwishoni nikapelekwa Tunduma. Huko ndiko nilikomwona Punje.

Mama Tumaini, muuza vitenge, alimleta ndani ya kikapu cha sokoni. Nilidhani ni mtoto wa mbwa. Kumbe ni jike zima, la jamii ya mbwa wadogo kabisa, damu isiyochanganywa. Tulimpima kwenye mizani ya maharage ya duka la jirani, hata kilo mbili hakufika. Muuza maharage akauliza kama huyo anauzwa kwa kisado.

"Yuko kwenye joto," alisema Mama Tumaini. "Dume la jamii yake nimelipata. Nimpandishe?"

"Una haraka ya nini, mama?"

"Dada anadai mzao wake."

Nilielewa. Kwetu ndugu akikupa jike la kufuga, mzao wa kwanza unarudi kwake. Ndivyo tunavyofanya kwa mbuzi na ng'ombe. Dada yake, anayeishi Nakonde ng'ambo ya mpaka, alimpa Punje kwa desturi hiyo hiyo, na kumnyima mzao ni kuvunja undugu.

Nilimpapasa Punje polepole. Nyonga zilikuwa nyembamba kama za kuku. Wadogo hawa huzaa watoto wachache wenye vichwa vikubwa, na wakikwama ni lazima mama apasuliwe. Daktari wa kumpasua alikuwa mbali, Mbeya. Kidole changu kilipofika kichwani kikazama kidogo. Sikuwahi kuona hivyo kwa mnyama mzima. Nikarudia, nikarudia tena, kwa kushangaa.

"Usimpandishe," nilisema. "Utampoteza yeye na watoto."

"Mwambie dada wewe mwenyewe! Mimi siwezi."

Dada alikuja Jumapili baada ya ibada, mama mnene mwenye sauti ya sokoni.

"Mukwai," alianza kwa neno la heshima la kwao, "wewe ndiye unayenizuilia mzao wangu? Mbwa gani asiyezaa? Wa kwangu anazalia chini ya ghala, hamwiti mtu!"

Haya ilinirudia. Maneno ya nyonga yote yalinipotea. Nikaushika mkono wake tu, nikaweka kidole chake juu ya kichwa cha Punje.

Kidole chake kilizama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Utosi."

"Ndiyo, mama. Haujafunga, naye ni jike zima."

"Nimelea watoto, naujua utosi." Alimnyanyua Punje, akampakata kama kichanga, akamgeukia mdogo wake. "Mbona hukuniambia kwamba bado ni mtoto? Basi mzao wangu wa kwanza ni huyu. Umenipa, nimempokea. Sasa nakupa tena umlee, na safari hii sidai kitu."

Mama Tumaini akapiga magoti, akapiga makofi ya kushukuru, machozi yakimtoka. Punje akambwekea.

Nimestaafu sasa, nimerudi Isansa. Vijana wanaosomea mifugo huja kuniuliza ni wanyama wangapi nimewazalisha. Sikumbuki. Huwa nawasimulia habari za watoto wa Punje ambao hawakuzaliwa. Mpaka leo natamani kujua wangekuwa na rangi gani, na masikio ya namna gani. Lakini nikienda Tunduma hupita kwa Mama Tumaini, na Punje, mzee mwenzangu, hutoka chini ya meza ya vitenge akanibwekea kana kwamba mimi ni mwizi.