Draiva ya Wakoli Ilivyozima Matanga ya Kanduyi

Kompyuta yetu ilikufa matangani mbele ya waombolezaji, na haikufa kifo chake.

Hadi leo simwongeleshi Wakoli. Msije hapa kuniambia nimsamehe.

Mimi ni Ivy wa Kitale. Mimi na huyo Wakoli tulikuwa tunarusha matanga mtandaoni, ndio walio mbali waone.

Nabwile alitupigia kutoka Qatar. Babake anazikwa Kanduyi na mwajiri amemnyima ruhusa. Akasema picha si lazima, bora asikie kikao cha baada ya mazishi, mzee wa ukoo akitaja maneno aliyoacha marehemu. Kikao hicho hakirudiwi.

Sasa, draiva ni programu ndogo inayoongea na kamera. Yetu aliiandika Wakoli, na ukichomoa kebo ghafla inaanguka.

Nikasema tuiweke nje ya kernel, ule moyo wa kompyuta, pamoja na programu za kawaida. Huko ikianguka inaanguka peke yake, sauti inaendelea. Wakoli akataka ikae ndani ya kernel, kwenye moyo wenyewe, ati picha itakuwa na spidi. Lakini huko ndani ikianguka inaenda na mashine yote.

Tuligombana kutoka Kitale mpaka Bungoma. Mwishowe akaniachia, nikaiweka nje mwenyewe.

Kikao kikaanza. Mzee akasema, "Shamba la Mabanga, marehemu alisema apewe..."

Skrini nyeusi.

Mzee aliendelea na sisi tulioketi pale tulisikia vizuri. Aliyekosa ni Nabwile peke yake.

Nilipowasha mashine nikakuta draiva imerudishwa ndani ya kernel. Kebo ya kamera ilikuwa mkononi mwa Wakoli.

Nikamuuliza kwa nini. Wala hakuona haya.

"Nyongesa aliniomba. Hiyo ni mambo ya familia yao, Ivy. Wewe shika kamera yako."

Nyongesa ni kakake Nabwile. Jioni hiyo alimpigia dadake kumwambia ati shamba ameachiwa yeye Nyongesa, na ati mimi ndiye niliyezima mitambo kwa ujinga wangu.

Kumbe Wakoli hakuwa na haja na spidi hata kidogo, mjinga ni mimi niliyebishana naye.

Mtu akikazana kazi yake iwekwe ndani kabisa, mahali ikianguka kila kitu kinaanguka, muulize anataka kuangusha nini.

Nabwile, nimekupigia hushiki simu, kwa hivyo nakuandikia hapa mbele ya watu wote. Mzee alitaja jina lako. Shamba la Mabanga ni lako, na wote tuliokuwa pale tulisikia.