Wote Walie, Balderi Arudi

Kaswera alikuwa akiwasimulia watoto wa Ngezi hadithi za miungu ya zamani ya inchi za baridi. Alizisoma katika kitabu cha Kifaransa, akazigeuza Kiswahili. Mume wake, Katsuva, hakukanyaga masomo, lakini alizishika zote kwa masikio.

Kisha Kaswera akaenda Kpandroma kununua maharagi. Watu walisema njia imetulia. Gari lao lilipigwa risasi, akazikwa kule kule na watu wasiomjua. Nyumbani wakakaa matanga bila mwili. Majirani walilia. Katsuva hakulia. Alijua mume analia mwili ukishushwa uani, na uani hakukushushwa kitu.

Mujukuu wao, Grâce, akakataa kula.

“Koko, unipe ile ya Balderi,” akamwambia babu yake. “Njo nitakula.”

Katsuva akasimulia. Balderi, mungu aliyependwa na wote, alikufa. Hela, malkia wa wafu, akasema atamwachilia kama kila kitu duniani kitamlilia. Wakalia watu, wakalia wanyama, yakalia mawe. Akakatia hapo, mtoto ale kwanza. Mtoto akala, akalala.

Kesho yake Grâce alizunguka nyumba kwa nyumba, akarudi akihema.

“Koko, Mama Suzanne alilia tena. Papa Anselme wa mashini ya unga alilia. Hata Jérôme mulevi.”

“Huyo analia kila siku. Walilia nini?”

“Koko Kaswera. Niliwaomba wote. Kunabakia weye tu.”

Katsuva akaona alichokifanya. Akilia, mtoto atangoja Kaswera arudi. Heri ammalizie hadithi.

“Balderi hakurudi,” akasema.

“Juu ya nini?”

“Bibi mumoja, mule mu pango, alikataa kulia.”

Grâce akamtazama sana. “Basi weye usikatae, Koko. Lia.”

Katsuva alitaka kumkemea. Sauti haikutoka; yalitoka machozi. Alilia kichwa kikiwa magotini, mabega yakitikisika. Grâce akamgusa shavu, akaona kidole kimelowa, akatoka mbio.

Katsuva alimkuta kando ya barabara ya Kpandroma. Jua lilikuwa linashuka, askari wanajitayarisha kufunga njia kwa bariere.

“Turudi, mama,” akamwambia mtoto.

“Hapana. Siye wote tulishalia.”

Katsuva akasimama kando yake. Lori la mwisho likaingia polepole, watu wamekaa juu ya magunia, vumbi limewapaka wote rangi moja. Akajikuta anazitazama nyuso zile, moja moja, mpaka lori likapita.