Nyumba ya Baba Isiyo na Kibanja

Kuna mashine moja hapa mtaani kwetu Rotterdam ambayo nikiisikia, hata kama nina sufuria jikoni, lazima niache ninachofanya. Ni ngazi ndefu ya chuma inayosimamishwa barabarani na kuegemezwa kwenye dirisha la juu, halafu kitoroli kinapanda na kushuka na makochi, magodoro na mafriji. Ngazi za ndani ya nyumba hizi ni nyembamba na zimesimama wima, kabati halipiti hata ulilaze vipi, kwa hiyo anayehamia huingiza vitu vyake kwa dirisha. Inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Majirani wanatoa vichwa wamwone mgeni. Mimi namwona bibi yangu mzaa baba, amesimama juu ya kichuguu huko Bugarama, kashika simu ya mama kwa mikono miwili na kakunja uso.

Juu ya kichuguu kwa sababu ndiko mtandao ulikopatikana. Kwetu Ngara ukisimama vibaya simu inakukaribisha Burundi, na salio linakwisha hata salamu hujamaliza. Basi Jumapili tukitoka misani tulipanda wote watatu, bibi, mama na mimi, tukibanana pale juu kumsubiri baba apige. Baba alikuwa seremala. Alikwenda Uholanzi kwa kozi ya ufundi nikiwa bado sijaanza shule, akapata kazi kwenye karakana ya madirisha, na tangu hapo akawa mtu wa kurudi mwakani. Neno hilo mwakani nililijua kabla sijajua kuhesabu.

Jumapili ninayoisema alipiga akiwa na furaha mpaka sauti inamkimbia. Alimwamkia bibi, shikamoo mama, bibi akaitikia marahaba, kisha wakaingia kwenye Kihangaza chao. Akasema amenunua nyumba. Benki imemkopesha, amekwenda kwa mwanasheria, ametia saini, na ufunguo uko mfukoni. Ghorofa ya tatu, vyumba vitatu, madirisha mapana ambayo watu wa mtaa ule hawayawekei mapazia, ukipita jioni unawaona mezani na viazi vyao. Akaeleza na habari za ile ngazi ya mashine, jinsi kitanda chake kilivyopaa angani kikaingia ndani. Mama akapiga vigelegele. Bibi alingoja amalize.

"Hiyo nyumba ina ardhi?" akauliza.

"Iko ghorofani, mama. Chini wanakaa wengine."

"Na juu?"

"Juu pia wapo."

"Na mtu akifa, naye wanamteremsha kwa dirisha?"

Baba alicheka sana, nasi tukacheka. Bibi hakucheka. Alinipa simu, akashika kitenge chake, akashuka kichuguu taratibu kuelekea nyumbani.

Msomaji wangu, kama hukukulia huko kwetu, hapa sharti nikueleze. Kwetu mji si bati wala matofali. Mji ni kibanja, ile migomba inayoizunguka nyumba, na humo ndani ya migomba ndimo walimolala wenye mji. Babu alikuwa mle, na baba yake babu, na watoto wawili wa bibi ambao hawakufikia kutembea. Mtu akianzisha nyumba, huhitaji kumuuliza atazikwa wapi, amekwisha kukuonyesha. Kando ya kaburi la babu palikuwa na kipande cha ardhi, ukubwa wa chumba kidogo, ambacho bibi hakuwahi kukipanda kitu. Kila msimu alikipalilia, akakitandika nyasi, akawafokea mbuzi waliothubutu kukisogelea. Palikuwa pa baba. Hakuna aliyeniambia, na mimi nilipachezea rede na wenzangu mpaka tulipofukuzwa.

Jumapili ile ya simu mama alichinja jogoo. Mimi nilivimba kichwa vibaya. Kesho yake shuleni niliwatangazia wote kwamba baba yangu ana nyumba inayoingiliwa kwa dirisha, na mwalimu wa hesabu akaniuliza kama baba amekuwa mwizi.

Nilipotoka shule siku hiyo nilimkuta bibi kwenye migomba na jembe. Zile nyasi alikuwa amezikusanya pembeni, na kile kipande alikuwa amekilima chote, udongo mweusi umelala wazi. Akanipa kibakuli cha mbegu za maharage, nikawa naangusha mbegu na kufukia kwa mguu huku nikipiga domo kuhusu nyumba ya baba, kwamba nitalala chumba changu peke yangu, kwamba nitaona magari kutoka juu. Bibi alikuwa akisema neno moja tu. Fukia. Nikiachia mbegu, fukia. Mama alipita na ndoo ya maji kichwani, akatuona, akasimama. Nilingoja atusifu. Akaendelea na njia yake, na jioni hiyo hakula.

Maharage yale yalistawi ajabu, kwa kuwa ardhi ile ilikuwa imepumzika miaka. Tuliyala na ndizi, na mimi niliomba kuongezewa.

Kibali cha mama na mimi kumfuata baba kilitoka mara tu baada ya mavuno hayo, nikiwa na miaka kumi na miwili. Bibi alitusindikiza mpaka barabarani tunakopandia basi la Biharamulo. Alimshika mama mikono. Mimi aliniinamia mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye kitenge chake.

"Mwambie baba yako nimelima," akasema.

"Umelima wapi, bibi?"

"Atajua."

Nilijiona mtu mzima kwa kutumwa. Njia nzima nilikuwa nikiyarudia maneno hayo kimoyomoyo nisije nikayasahau, kwenye ule msitu wa Biharamulo ambako abiria wote hunyamaza kwa kuogopa majambazi, na angani, na kwenye treni iliyotufikisha kwenye mji wenye upepo usio na adabu. Baba alitupokea akilia na kucheka. Alitupandisha ngazi zile za wima akitusukuma kwa nyuma, akatuonyesha jiko, akatuonyesha bafu, akafungua na kufunga kila dirisha. Chumbani kwangu alikuwa akinitengenezea kitanda kwa mkono wake, kilikuwa kimebaki kukazwa skrubu. Akapiga magoti kumalizia. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Baba, bibi amenituma. Amesema nikwambie amelima."

"Amelima wapi?"

"Itakuwa pale kando ya babu. Tulipanda maharage. Mimi ndiye niliyefukia."

Baba aliweka bisibisi chini. Aliinuka, akaenda dirishani, akasimama akitupa mgongo, paji la uso limegusa kioo. Ng'ambo ya barabara mwanamke alikuwa akimwagilia maua yake, akampungia mkono. Baba hakumwona. Mama alipoita kwamba chakula tayari, alisema ameshiba. Nilidhani ni uchovu wa kutupokea.

Baada ya hapo sikulisikia tena neno mwakani. Baba alinunua mapazia, peke yetu mtaa mzima, akayatundika mwenyewe. Alipaka mlango rangi. Alijifunza majina ya majirani na siku za kutoa takataka, ambazo sisi tulizikosea mpaka mzee wa ghorofa ya chini akapanda kutufokea. Kila Jumapili alimpigia bibi, akauliza mvua, akauliza mbuzi, akauliza bati linalovuja. Bibi akamuuliza baridi na mgongo wake. Nikiwa chumbani niliwahi kumsikia mama akimwambia, "Muulize tu. Ni mama yako." Baba akajibu, "Nimuulize nini? Pameshalimwa."

Hayo mengine nimeyajua kwa mama, nikiwa nimekua. Nyumba ile baba aliinunua ili aje aiuze. Aliona wenzake kazini wananunua, wanakaa, bei inapanda, wanauza. Alitaka auze arudi Bugarama ajenge kando ya mama yake, na ramani ya nyumba hiyo alikuwa ameichora nyuma ya mlango wa kabati, iko mpaka leo. Kwake ghorofa lile lilikuwa kitu cha kununua na kuuza, kama ng'ombe. Hakumweleza bibi kwa sababu hakudhani kuna mtu anayeweza kuliita mji. Na bibi, maisha yake yote, hakuwahi kumwona mtu aliyenunua nyumba akanuia kuondoka.

Mapafu ya baba yaliharibika nikiwa bado sijamaliza shule. Mama alitaka asafirishwe nyumbani. Yeye mwenyewe alikataa akiwa na pumzi kidogo tu zilizobaki. "Nizikeni huku," alisema. "Nyumbani sina pa kulala." Tulimzika siku ya manyunyu, na mtu wa makaburi akatueleza kwa upole kwamba pale mahali panapangishwa kwa miaka, na miaka ikiisha, tusipopanga tena, atawekwa mtu mwingine. Mama hakuwa anakijua vizuri Kiholanzi. Ilibidi mimi nimtafsirie.

Bibi nilimpigia mimi, mama hakuweza. Nilimwambia yote, na la kaburi la kupanga nikamwambia. Simu ilikwaruza mpaka nikadhani mtandao umehamia Burundi.

"Basi miaka yao ikiisha mleteni," akasema. "Nafasi yake ipo."

"Si ulilima, bibi?"

"Nililima msimu mmoja. Nilikuwa na uchungu. Nikavuna, nikatandika nyasi zangu. Nilikuwa namngoja aniulize."

Nililia mpaka mama akaja kuninyang'anya simu. Siku ile ndipo nilipoelewa nilichobeba kutoka Bugarama hadi huku, nikikirudia njia nzima nisikisahau. Bibi alinipa uchungu wake nimpelekee mwanawe, naye ambembeleze. Baba aliupokea kama hukumu. Wakaongea mbuzi na mvua kila Jumapili, simu zi mikononi mwao.

Bibi naye ameshatangulia, amelala upande wa pili wa babu. Binamu yangu ndiye anayetandika nyasi pale pa baba, na hunitumia picha kila anapomaliza. Miaka ya makaburini inakaribia kuisha, na mama ananiuliza nimeamua nini. Moyo wangu unataka kumrudisha. Kinachoniuma ni kwamba hata nikimlaza pale penyewe, na udongo ule ule juu yake, baba alikufa akiamini kwao wamemfukuza.