Pamba Juu ya Taa za Mama Sabiti

Maige hata chai alikuwa anakunywa kasimama. Wenzake wa kinu cha pamba pale Shinyanga walikuwa wanasema ukimpa kiti, badala ya kukaa anakagua misumari. Mwaka themanini na sita akaacha kazi ya umeme kinuni, akaanza kujitegemea, na nyumba ya kwanza kumwita ikawa ya Mama Sabiti. Akiharibu hapo, arudi kwao kuchunga.

Mama Sabiti, muuza vitenge, alikuwa ameona hoteli moja Mwanza taa zimezama darini, haining'inii hata moja, mwanga unamwagika tu kama hauna mwenyewe. Akazitaka. Mwanawe alikuwa anaoa, wakwe wanatoka Tabora, na lazima wakute kitu cha kuwafunga mdomo.

Madukani hazikuwepo. Maige akachukua makopo ya maziwa ya unga, akayatoboa matundu kisogoni ili joto litoke, akafunga holda za balbu ndani. Shughuli ikawa kuchagua mahali. Mama anakaa kochi hili, anahamia lile, Maige kanyanyua kopo kwa mpini wa ufagio kama anafukuza popo. Hapa inamulika kipara cha mzee mwenye nyumba. Pale inaanika ufa wa ukuta. Mama akataka balbu za wati mia, Maige akamshusha mpaka arobaini. Akamwonya jambo moja: juu ya dari pabaki wazi, yale makopo yanachemka.

"Nimesikia, ngosha," mama akamjibu, akimwita mwanamume kwa Kisukuma, jibu la mtu anayewaza pilau.

Siku ya wakwe ikafika. Saa tisa alasiri, jua linakaanga mabati, na Mama Sabiti kafunga mapazia yote ili taa zake zionekane. Taa sita zinawaka mchana kweupe, wageni shingo juu kama kuku wanaokunywa maji. Maige naye kaalikwa, kikombe mkononi, kasimama mlangoni. Alitakiwa awe anafurahi. Lakini akapapasa shingo, haina jasho. Nyumba ya bati, saa tisa, mbona haina joto?

Akamuuliza mama taratibu. Mama akacheka kwa raha. Jana alikuwa amemwaga magunia manne ya pamba fifi, ile chafu ya daraja la pili, dari nzima, wakwe wasitoke jasho.

Maige akaweka kikombe chini. Kinuni alishaona pamba ikishika moto. Haina haraka, inajila ndani kwa ndani, ukija kuona moshi umeshachelewa. Akizima taa sasa, Tabora nzima itasema fundi wa Shinyanga ni kanjanja. Akazunguka kochi mara mbili. Akatazama dari, akatazama wakwe, akaenda kuvuta swichi kubwa.

Giza. Mama wa bibi harusi, Bi Mwasiti, akauliza kwa upole wa kuchoma: "Umeme wenu huku nao unakwenda kulala mchana?"

Maige alikuwa ameshaleta ngazi na kupanda; Mama Sabiti akamfuata mpaka juu, amechukia kweli kweli. Maige akafunua ubao wa dari, akapenyeza mkono kando ya kopo, akatoa bonge la pamba na kumwekea kiganjani. Lilikuwa kahawia kama andazi lililosahaulika, na la moto.

Mama akalitazama. Kisha akawatazama wakwe, wote chini ya dari ile. Akashuka, akafungua mapazia, akafunga kanga kiunoni.

"Fundi wangu kaniambia, mimi sikusikia," akamwambia Bi Mwasiti. "Nipokeeni magunia, pamba inashuka."

Wakwe wakapokea. Walikula pilau magharibi, nywele nyeupe kwa pamba, taa zikiwaka, joto lote la bati limerudi. Bi Mwasiti, jasho linamtoka, akauliza fundi huyu Tabora anafika?

Maige hakusikia. Alikuwa juu ya ngazi, sahani mkono mmoja, mkono mwingine unapapasa dari.